Makopo Kumi na Tisa

Ijumaa Kuu asubuhi Emérithe aliamka na dhamira moja: kufunga mdomo. Watoto wake wawili walikuwa wanakuja kulala kwake mpaka Jumapili, na alikuwa amejiapiza kwamba katika siku hizo tatu hatamwambia mtu azime taa, hatamwambia mtu afunge bomba, wala hatauliza kitu kilinunuliwa bei gani. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Kwa Emérithe ilikuwa sawa na kuambiwa asipumue mpaka Pasaka.

Hakuwa bahili. Hilo liwekwe wazi mapema, maana majirani wa ghorofa ya tatu pale Tensta, Sweden, walikuwa na maneno yao. Bahili hujinyima na kuwanyima wenzake. Emérithe alijinyima mwenyewe tu, na wengine aliwashindilia chakula mpaka wakaomba msamaha. Ila kitu kikiharibika bure mbele ya macho yake kilimuuma kama jino. Mkate aliununua siku ya mwisho wa tarehe yake, wenye kibandiko cha nusu bei, akaukata vipande na kuugandisha. Mabaki ya sabuni aliyabandika pamoja mpaka yakawa mche mpya wa rangi tatu. Chupa ya shampuu ikiisha aliitia maji akaitikisa, ikaisha tena, akaitia tena. Akimaliza kuoka aliacha mlango wa oveni wazi ili joto lisiende bure, ingawa jengo zima lilikuwa na joto la kutosha na yeye hakulilipia kando, maana joto na maji vilikuwa ndani ya kodi ya nyumba. Mwanawe Axel alikuwa amemweleza hilo mara mia. "Mama, maji yamo ndani ya kodi." Naye alimjibu mara mia, "Maji ya kodi nayo huisha."

Mtu aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Mtabila miaka tisa, akipanga ndoo kwenye foleni tangu alfajiri, huwezi kumwelewesha mambo ya kodi.

Lakini ulimi huo ulikuwa umemponza. Mwaka juzi, siku ya Noeli, binti yake Kelly alikuwa bafuni akioga, na Emérithe, aliyesikia maji yakitiririka dakika baada ya dakika, alikwenda akagonga mlango kwa funguo. Akagonga tena. Mara ya tatu akasema kwa sauti kwamba ng'ombe wote wa kwao Rumonge wangekuwa wameshakunywa na kushiba. Kelly alitoka na nywele zina povu, na jioni ile ile akarudi kwake Vårby gård. Tangu siku hiyo ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi minne, na Kelly hakuwa amekanyaga tena nyumba ya mama yake.

Vårby gård si mbali. Unapanda treni ya laini ya bluu, unabadilisha mara moja katikati ya mji, unapanda nyekundu, na kwa saa moja hivi umefika. Watu wa kanisani kwao walikuwa na watoto Kanada na Australia, nao waliwaona kila mwaka. Emérithe aliona aibu kuulizwa habari za Kelly, akajizoesha kujibu, "Ana zamu nyingi." Ilikuwa kweli pia. Kelly alihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, asubuhi leo, jioni kesho. Kwenye simu alizungumza vizuri. Alicheka, aliuliza dawa ya presha, akatuma picha ya theluji. Lakini kila alipoambiwa "njoo Jumamosi," alipata sababu, na sababu zilipokwisha akawa anasema tu, "Tutaona, mama."

Sasa alikuwa amekubali. Axel ndiye aliyemshawishi, hata akasema kwa utani kwamba ataleta kamba amfunge. Emérithe alitaka jambo moja tu: Kelly akae mpaka Jumapili, waende kanisani pamoja, wale pamoja, na akiondoka awe mtu wa kurudi. Akiondoka tena kwa hasira, alijua moyoni kwamba miezi kumi na sita itakuwa miaka.

Basi aliiandaa nyumba kama mtu anayeficha magendo. Alinunua siagi ya bei kamili, akaisoma risiti mara mbili mbele ya mashine ya kulipia. Alinunua mkate wa siku ile ile, maji ya machungwa, na shampuu mpya yenye harufu ya nazi. Mche wa sabuni wa rangi tatu aliutia mfukoni mwa koti. Droo ya mifuko ya plastiki aliifunga kwa ufunguo. Mwisho yakabaki makopo.

Hayo yalikuwa makopo ya aiskrimu, ya plastiki, ya lita mbili, yaliyojaa kabati zima la chini jikoni na nusu ya friza. Hakuna aliyemwona Emérithe akila aiskrimu. Makopo alipewa kanisani, aliokota kwenye chumba cha taka akayasugua kwa maji ya moto, mengine aliomba kwa watu bila haya. Katika makopo hayo aliweka maharage, sombe ya majani ya muhogo, dagaa, unga, chumvi, vifungo vya nguo. Na katika makopo hayo alimfungia mgeni chakula cha kuondoka nacho, maana kwake hakuna mgeni aliyetoka mikono mitupu, na mtoto wa kumzaa ndiyo kabisa. Hata katika miezi ile ambayo Kelly hakuja, Axel akipita upande ule kwa kazi alikabidhiwa kopo: "Mpelekee dada yako." Mara nyingine mawili. Ilikuwa njia yake ya kumwita. Asiyetaka kusikia kwa sikio, alidhani, atasikia kwa tumbo.

Kopo huenda likiwa limejaa, na likirudi halirudi tupu. Hilo Emérithe hakulisoma popote, alizaliwa akalikuta. Jirani akikuletea chakula, unaosha chombo chake, unatia chochote ulicho nacho, ndipo unakirudisha. Kule kambini Kelly, akiwa na miaka saba, aliwahi kutumwa kurudisha bakuli kwa Mama Milcah, akaenda nalo jeupe, limesuguliwa, tupu. Emérithe alimkuta mlangoni kwa watu, akamshika mkono, akamrudisha nyumbani mbele ya kambi nzima, akatia vitunguu vitatu vilivyokuwa vyote walivyokuwa navyo, akamtuma tena. Usiku ule walikula maharage yasiyo na kitunguu. "Ukiwa huna kitu, tia chumvi," alimwambia. "Ukiwa huna chumvi, usiende mpaka uipate." Mpaka leo alipenda kusimulia kisa hicho kwa wamama wa kanisani, kama mfano wa malezi.

Lakini makopo yalikuwa uso wa umaskini, alijiambia, na binti aliyekimbia ubanifu wa mama yake asikaribishwe nayo. Akayabeba kwa awamu nne, kwa lifti, mpaka kwenye stoo yake chini ya jengo, akapiga kufuli. Jikoni pakabaki peupe. Akasimama katikati akaona kama ameingia nyumba ya mtu.

Axel alifika saa saba kutoka Upplands Väsby, peke yake, kwa kuwa mkewe na watoto walikuwa wamekwenda kwa wakwe zake. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, aliyeacha taa zikiwaka nyuma yake kila alipopita. Alikwenda chooni, akaacha taa. Alikwenda chumbani, akaacha taa. Emérithe alimfuata, akazizima moja moja, kisha akakumbuka kiapo chake, akarudi akaziwasha zote tena.

Kelly alikuja saa nane. Alikuwa amekonda, au labda koti lilikuwa kubwa. Walikumbatiana mlangoni muda mrefu kuliko kawaida yao, na Emérithe akanusa nywele za mwanawe. Begani Kelly alikuwa na kibegi kidogo, na mkononi mfuko mkubwa wa bluu wa duka la samani, ule ambao Sweden hakuna nyumba isiyokuwa nao, umejaa na kufungwa juu kwa skafu.

"Lete nikupelekee chumbani," Emérithe akasema, akanyoosha mkono.

"Nej, låt den stå," Kelly akajibu upesi, akauvuta mfuko. Kisha akalainisha sauti. "Uache hapa hapa mlangoni, mama. Hauna shida."

Mama akauacha. Mtu anayeacha mzigo mlangoni, haufungui, wala hataki uguswe, ni mtu aliyekwisha kuondoka. Mwili tu ndio umebaki kunywa chai. Kuanzia saa ile Emérithe hakukaa. Alikwenda jikoni, akarudi ukumbini, akautazama mfuko. Alipanga viatu, akautazama mfuko. Alitoka kumwagilia maua ya balkoni ambayo bado hayajaota, akarudi akaukuta pale pale, na skafu yake haijafunguliwa.

Kelly alikwenda kuoga. Maji yakaanza kutiririka.

Emérithe alikuwa anamenya viazi. Alimenya cha kwanza na cha pili. Alianza wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, akarudia wa kwanza, na maji bado. Akashika taulo la jikoni kwa mikono miwili akalikamua ingawa lilikuwa kavu. Akatembea mpaka mlango wa bafu, akasimama, akageuka, akarudi. Axel, aliyekuwa mezani na simu yake, aliinua macho.

"Mama, uko sawa?"

"Niko sawa."

"Maji yanatoka muda mrefu."

"Aoge mtoto," Emérithe akasema. "Maji yamo ndani ya kodi."

Axel akaiweka simu chini polepole. Alimtazama mama yake kama mtu aliyesikia paka akiongea. Kisha, kwa kumjaribu, alichukua nusu ya ule mkate mpya, akasema umekauka, akautupa kwenye pipa. Emérithe aliufuata mkate kwa macho mpaka ulipotua juu ya maganda ya viazi.

"Sawa tu, mwanangu," akasema. "Mkate uko mwingi."

Baadaye aliwaona kwenye balkoni, ndugu wawili, vichwa vimekaribiana, wakizungumza Kiswidi kwa sauti ya chini huku mlango wa kioo umefungwa. Kelly alikuwa ameshika mdomo wake. Axel alitikisa kichwa. Wakamtazama kupitia kioo, wakaacha kuzungumza, wakatabasamu wote kwa pamoja, na tabasamu hilo halikumpendeza hata kidogo. Wananisema, akawaza. Hata siagi ya bei kamili haikusaidia.

Usiku alilala kwa vipande vipande, na kulipokucha alikwenda kwanza ukumbini kutazama kama mfuko upo. Ulikuwepo.

Jumamosi, mezani, wote watatu walikula kwa adabu iliyozidi. Emérithe aliwasukumia siagi. Axel alijipaka kidogo, akaweka kisu, akakohoa.

"Mama. Tunataka kukuuliza kitu, na usitufiche."

"Uliza."

"Daktari amekwambia nini?"

"Daktari gani?"

"Wewe tuambie. Ni moyo? Ni kansa?" Axel akauliza. "Jana nimetupa nusu mkate, mama. Ulikuwa mzuri bado. Hukusema kitu. Taa zinawaka nyumba nzima mpaka sasa. Jikoni hakuna hata kopo moja. Umegawa vitu vyako? Watu wakijua wanaondoka ndio hugawa vitu vyao."

Mwaka mzima Emérithe alikuwa amehofia watoto wake wanamwona mchoyo, na sasa amekuwa mkarimu siku moja tu, tayari wameshamzika.

"Siumwi," akasema. "Mtu hawezi kunyamaza nyumbani kwake?"

"Wewe? Huwezi," Axel akasema.

Kelly alikuwa akisokota kipande cha mkate mpaka kikawa donge. Ghafla akainuka, akasema kazini wamemwandikia ujumbe, kuna mtu ameugua, wanamhitaji jioni ile. Alisema hayo akiitazama jagi la maji ya machungwa. "Samahani, mama. Inabidi niende saa sita."

Basi, ndiyo hiyo. Emérithe alitaka kusema: kaa. Alitaka kusema: nisamehe kwa yale ya Noeli, nisamehe kwa ng'ombe wa Rumonge. Lakini maneno ya namna hiyo hakuwa nayo, hakufundishwa, na kwao hakumsikia mama yeyote akimwomba mtoto msamaha. Alilokuwa nalo ni chakula. Akainuka akaenda jikoni kumfungia binti yake chakula cha njiani.

Sombe ilikuwa kwenye sufuria, imepikwa tangu juzi kwa mawese na karanga. Maharage yalikuwepo, na sambusa. Alifungua kabati la chini. Halikuwa na kitu. Akafungua friza: vyombo vya kioo viwili alivyonunua vya maonyesho, vimejaa supu. Akavuta droo ya mifuko, imefungwa, na ufunguo hakujua ameuweka wapi. Alifungua kabati la juu, la pembeni, la chini tena, milango ikigongana, na jinsi alivyokosa ndivyo alivyoharakisha, kwa kuwa saa ya ukutani ilikuwa inakwenda na mtoto alikuwa anavaa koti. Akanyanyua sufuria yenyewe na sombe yake yote, akaifunika kwa taulo, akatoka nayo ukumbini.

"Chukua," akasema, anahema. "Chukua na sufuria."

"Mama, siwezi kwenda na sufuria kwenye treni."

"Utaipakata."

"Sitaki, mama."

"Huwezi kutoka kwangu mikono mitupu. Chukua, utairudisha siku yoyote, sikudai."

Hapo Kelly akaketi sakafuni. Aliketi tu, na koti lake, mgongo ukutani, karibu na ule mfuko wa bluu, akafunika uso. "Siwezi kubeba chombo kingine," akasema. "Jag orkar inte. Siwezi, mama, vimeshanishinda."

Emérithe hakuelewa. Alisimama na sufuria. Axel alitokea nyuma yake, akaipokea kabla haijaanguka.

Kelly aliuvuta mfuko, akafungua skafu. Ndani kulikuwa na makopo. Makopo ya aiskrimu, ya lita mbili, meupe, ya buluu, ya kijani, yamepangwa moja ndani ya jingine, yameoshwa yakang'aa. Akayatoa safu kwa safu, akayaweka sakafuni kati yake na mama yake.

"Kumi na tisa," akasema. "Yamejaa kabati langu. Nikifungua kutafuta kikombe yananiangukia. Kila Jumamosi nilikuwa nasema leo nakwenda kwa mama, halafu nayatazama. Nitayarudisha na nini? Mimi sijui kupika, unajua. Nilijaribu maharage, yakaungua mpaka king'ora cha moto kikalia. Sombe yangu hata mimi siili. Nikitoka kazini nimechoka nakula mkate nimesimama."

"Ungekuja nayo hivyo hivyo," Axel akasema. "Mimi yangu watoto wanatilia Lego."

"Wewe hukurudishwa nyumbani kambi nzima inakutazama," Kelly akamjibu. Kisha akamgeukia mama yake. "Ulisema ukiwa huna kitu usiende. Nilikuwa na miaka saba, lakini nilisikia."

"Ni kwa watu," Emérithe akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwa majirani."

"Hukusema ni kwa watu. Na nilijaribu, mama. Noeli ile nilikuletea kopo lenye keki za dukani. Unakumbuka ulisema nini?"

Emérithe alikumbuka. Alikuwa amelisahau kabisa, na sasa lilirudi zima, na kibandiko chake cha bei. Alikuwa amezitazama zile keki, akasema, "Umelipa bei kamili? Ungesubiri siku mbili zingekuwa nusu." Ndipo Kelly alipokwenda kuoga. Ndipo alipokaa chini ya maji muda wote ule.

Kwa hiyo haikuwa bafu. Na kila kopo alilompa Axel kumwita mwanawe lilikuwa limezidi kumfungia mlango. Kumi na tisa. Alikuwa amemjengea ukuta kwa sombe. Uchungu alioupata Emérithe pale ukumbini haukuwa mdogo, na hakujaribu kuuficha. Alishuka kwa shida, goti moja kisha la pili, akaketi sakafuni naye. Alichukua kopo la juu, akaligeuza. Akachukua jingine.

"Nilijua umechoka na umaskini wangu," akasema. "Nikaficha makopo yangu kwenye stoo ili usiyaone. Nimenunua siagi."

"Tumeiona siagi," Axel akasema.

"Na mimi nilidhani unakufa," Kelly akasema, na sasa alikuwa analia na kucheka pamoja, pua imejaa. "Nimeoga dakika ishirini na tano, mama. Maji yalishapoa, sikuwa na sabuni tena, nimesimama tu nasubiri ugonge. Hukugonga."

Emérithe alimshika mwanawe kichwa, akakiweka kifuani. Wakakaa hivyo. Mkono wake wa kushoto ukaendelea, kwa mazoea yake wenyewe, kuhesabu makopo na kuyapapasa kingo. Ukasimama.

"Haya mawili," akasema, "vifuniko vyake viko wapi?"

Axel akaketi juu ya kabati la viatu na sufuria yake, akacheka mpaka sombe ikamwagikia suruali. "Amepona," akasema. "Kelly, amepona."

"Na wewe usimwage. Na hiyo taa ya bafuni inamulika nani? Tangu jana inamulika nani?"

"Nitaizima, mama."

"Zamu ya jioni ipo?" akamuuliza Kelly, bila kumwachia kichwa.

"Haipo. Nilitaka kuondoka kabla hujaufungua mfuko."

"Basi vua koti."

Mchana wote wakashuka na kupanda kuleta makopo kutoka stoo, na yale kumi na tisa yakaingia kabatini na wenzake. Emérithe aliutoa ule mkate kwenye pipa, akakwangua sehemu iliyogusa maganda, akaukausha kwenye oveni, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Jumapili walikwenda kanisani wote watatu. Wamama wakamzunguka Kelly, wakamshika mashavu, wakasema amekonda, na Emérithe akajibu kwa sauti ya kusikika safu tatu kwamba ana zamu nyingi.

Jioni, wakati wa kuondoka, Axel alipewa makopo manne yaliyojaa. Kelly alisimama mlangoni na kibegi chake, akiwa na wasiwasi tena, Emérithe aliuona. Vidole vilikuwa vinacheza na zipu. Akaenda jikoni. Alikaa huko muda. Alishika kopo moja la kijani, akalitia sombe vijiko viwili kwa mazoea, akasita. Mkono ulikataa. Miaka sitini na tatu mkono huo haukuwahi kufanya jambo la namna hiyo, na mama yake aliye kaburini Rumonge angeona haya. Akairudisha sombe sufuriani. Akaliosha kopo, akalifuta, akatoka nalo.

"Chukua."

Kelly alilipokea, akaliona jepesi. Akafungua kifuniko. Akatazama ndani, akamtazama mama yake.

"Nimekupa tupu," Emérithe akasema. "Utalirudisha tupu. Chakula utakula hapa."

Kelly akalitia kibegini, akashuka kwa ngazi badala ya lifti, na Emérithe akasikiliza hatua zake mpaka mlango wa chini ukafungwa.

Jumatatu Emérithe hakutulia. Jumanne alikwenda kwenye mashine ya kurudishia chupa tupu kwa pesa, akarudi, akaketi, akainuka. Alijilaumu: mtoto ametoka kwa mama yake hana hata tonge, nani amewahi kusikia? Jumatano alipika maharage mengi kuliko ya mtu mmoja, kisha akajikasirikia kwa kutumia jiko bure. Simu hakupiga. Aliogopa kusikia "tutaona, mama".

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, kengele ililia. Kelly alikuwa amesimama pale na sare ya kazi chini ya koti, macho mekundu kwa usingizi, na mkononi, si kibegini, ameshika lile kopo la kijani mbele yake kwa mikono miwili, jinsi alivyofundishwa kumpa mtu mzima kitu.

"Ni tupu, mama," akasema. "Sikutia hata chumvi."

Emérithe alilipokea kwa mikono miwili. Akafungua kifuniko, akachungulia, akapitisha kidole ndani.

"Hukulikausha vizuri," akasema. "Ingia. Na taa ya ngazi izime, bado kuna mwanga."